Kupika bila kuonja: Ramadhani niliyojifunza mapishi ya Idd Lamu

Asubuhi ya Idd hapa Lamu sahani hazitulii nyumbani. Swala ikishaswaliwa, watoto wenye nguo mpya huanza kupishana vichochoroni na sahani zilizofunikwa kawa: tambi kwenda kwa jirani, mkate wa sinia kutoka kwa jirani, kaimati kwa shangazi wa mtaa wa Mkomani, mahamri kwa mzee asiye na mtu. Idd yangu ya kwanza nikiwa mke wa mtu mtaa wa Langoni, niliamka saa tisa za usiku nikapika vitu vinne. Mavyaa, mama wa mume wangu, alivitazama kimoja kimoja, akanishukuru kwa upole, akavifunika. Haikutoka sahani hata moja. Zilizoletwa na majirani zilirudishwa na tende na sukari ndani, maana sahani ya mtu hairudi tupu. Sikuelewa mpaka mchana, nilipomsikia wifi yangu akimwambia mtoto wake, "Mwaka huu hatupeleki."

Sikumlaumu. Mkate wangu ulikuwa mweusi chini na mbichi katikati. Tambi zilikuwa uji. Rojo la biriani lilikuwa na uchungu ambao hakuna sukari wala ndimu iliyouondoa, na nilijaribu vyote viwili.

Nililelewa Nakuru. Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa pwani, lakini alifariki nikiwa na miaka tisa, na mikono yake ikaenda naye. Niliyoyajua nilikuwa nimeyaokota kwenye video za simu, ambako kila kitu huiva kwa dakika tatu na hakuna anayekwambia alikosea wapi kabla hajawasha kamera.

Kabla ya Ramadhani iliyofuata nilisikia kwamba kuna bibi mmoja huko Mkomani anayefundisha wanawake kupika nyumbani kwake. Darasa lilikuwa la siku nane, Jumamosi na Jumatano, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Ada shilingi 5,000, na kila mmoja huchangia vitu vya siku hiyo, yaani kama 450 hivi. Nilimwambia mume wangu. Mavyaa sikumwambia. Nilimwambia naenda kwa rafiki. Uongo huo, tena ndani ya mwezi mtukufu, uliniuma kuliko moto wowote ulioniunguza jikoni, na nitaurudia.

Tulikuwa watano. Mmoja alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni Shela, aliyechoka kupikia wazungu pilau ya rangi ya njano. Mwingine msichana aliyemaliza kidato cha nne, ameletwa na shangazi yake kwa sababu harusi yake iko karibu. Wawili dada wa Mokowe waliovuka kwa boti kila siku ya darasa. Na mimi. Bibi alitupokea kwenye kidari cha meko, lile jiko la juu kabisa la nyumba ya mawe ambalo moshi wake hupanda mbinguni bila kuingia vyumbani. Kaskazi ilikuwa inaishia, upepo umekufa, dari inawaka. Ukiwa umefunga, ngazi zile na ndoo ya maji mkononi ni somo la kwanza. Jambo hili liwe la mwanzo kwa yeyote anayefikiria kujifunza Ramadhani: kula daku ya maana. Siku ya pili nilifika na glasi moja ya chai tumboni tangu alfajiri, na saa kumi macho yakaanza kuona giza mbele ya karai la mafuta. Bibi alinishika bega akaniketisha ukumbini saa nzima, na saa hiyo nilikosa somo la mahamri ambalo sijalilipa mpaka leo.

Kwa nini basi Ramadhani, wakati hakuna anayeweza kuonja? Niliuliza hivyo siku ya kwanza. Najua wanavyuoni wamemruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi akatema, pakiwa na haja. Bibi alilijua hilo vizuri kuliko mimi. "Haja ni ya yule asiyejua," alisema. "Mwanangu, chakula cha Idd hupikwa na mtu aliyefunga, usiku na mchana wa mwisho. Ukizoea kuutegemea ulimi, siku hiyo utapotea. Pua unayo. Masikio unayo. Mkono unao."

Nilidhani ni maneno ya wazee. Siku nane zilizofuata zilikuwa maelezo ya sentensi hiyo.

Tulianza na nazi, na siku ya kwanza yote ikaishia kwenye nazi. Itikise karibu na sikio: nazi nzuri ya tui ni kavu na nzito, maji yake yanacheza kidogo, isiyotoa sauti kabisa huenda imeoza, na iliyojaa maji bado changa, tui lake litakuwa jembamba hata ukamue kwa mashine. Ukikaa juu ya mbuzi ya kukunia, ikune ile nyama nyeupe tu. Ukifika kwenye gamba la kahawia simama, kwa sababu lile gamba ndilo linalotia tui rangi na ladha ya ukavu. Mimi nilikuwa nakuna mpaka kifuu king'ae, nikijiona mwema wa kutotupa kitu. Maji ya kukamulia yawe ya vuguvugu. Tui la kwanza, zito, huwekwa pembeni peke yake. La pili na la tatu ndiyo ya kuchemshia. Tui zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, ukikoroga taratibu upande mmoja bila kufunika, la sivyo litakatika, na mbaazi zako zitaelea kwenye maji yenye mafuta juu. Mbaazi zangu zote za miaka miwili zilikuwa zimekatika, nami nilidhani ndivyo zilivyo.

Hapo msichana wa harusi alicheka akasema siku hizi kuna tui la pakiti. Bibi hakumkemea. Alisema la pakiti linafaa ukiwa mgonjwa au ukiwa na wageni arobaini, lakini kwanza ujue la nazi lilivyo, upate cha kulinganishia. Mimi leo hutumia yote mawili, na sioni aibu kusema hivyo. Kwa mkate wa sinia, hata hivyo, sikubali ila la kukamua.

Siku iliyonibadilisha ilikuwa ya vitunguu. Biriani yetu, kila kilo ya nyama huenda na karibu kilo nzima ya vitunguu vya kukaanga, na hivyo ndivyo vinavyobeba rojo, utamu wake na rangi yake. Kwa hiyo ukiviharibu, umeharibu sufuria nzima kabla nyama haijaingia, na hakuna dawa. Bibi alitupanga migongo ikielekea karai, tusione kitu, akatia vitunguu ndani ya mafuta. "Sikizeni," akasema. "Vitunguu vyanena."

Kwanza ni kelele nzito, yenye maji, kama mvua ya masika juu ya makuti. Hiyo inakaa muda mrefu na usiiguse kwa pupa. Kisha kelele inapungua, inakuwa nyembamba, kama mchanga unaomwagika. Hapo maji yamekwisha na kitunguu kinaanza kukauka. Tangu hapo una dakika chache tu na usiondoke hata mtu akibisha hodi. Harufu nayo inageuka kutoka ukali wa machoni kuwa utamu. Alituambia tuseme "sasa" kila mmoja akidhani ni wakati wa kuopoa. Wote wanne wenzangu walisema kabla yangu. Mimi nilisema wa mwisho, na vya kwangu, vilivyoachwa kwenye karai dogo pembeni kwa ajili hiyo, vilikuwa vimeungua.

Kumbe kitunguu huendelea kuiva kikishatolewa. Kiopoe kikiwa bado na rangi ya asali, kitandaze kwenye sinia pana, usikirundike, nacho kitafikia rangi ya mbegu ya tende chenyewe na kuwa kikavu cha kuvunjika. Uchungu wa biriani yangu ya mwaka uliopita ulikuwa hapo. Nilikuwa nangojea rangi nzuri ndani ya mafuta. Nililia kidogo siku ile, si kwa ajili ya vitunguu. Niliwaza jinsi nilivyoamka saa tisa za usiku na kuamini kwamba sikupendwa, kumbe ni dakika mbili tu za karai.

Jambo lingine la vitunguu: vikate vyote unene mmoja na karai lisijae. Mpishi wa Shela alikuwa na haraka ya kikazi, akatia kilo mbili mara moja. Vilichemka badala ya kukaanga, vikawa laini na visivyokauka. Bibi alivichukua akavigeuza vya kuungia mchuzi, akasema hakuna cha kutupa ila vilivyoungua.

Chumvi tulipimia mkononi. Bibi alinifundisha kukunja kiganja na kutazama chumvi inafika mstari gani kwa kilo moja ya mchele, kisha nikaiandika si kwa vijiko bali kwa mstari wa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu kiganja chake na changu si kimoja. Tulipomaliza kupika, kila mmoja alipewa fungu lake kwenye bakuli akaenda nalo nyumbani, na adhana ya magharibi ikisikika ndipo ujuapo ulichofanya. Siku ya darasa inayofuata tulianza kwa kutoa habari. "Wali wangu ulikuwa mkavu wa chumvi." "Kaimati zilinyonya mafuta." Kukosea saa tisa na kujua saa kumi na mbili na nusu kulinifunza kukumbuka kila nilichofanya, hatua kwa hatua, jambo ambalo kuonja kila dakika hakukuwahi kunifunza. Bakuli langu nililila mimi na mume wangu chumbani, kimya kimya. Nalo hilo lilikuwa sehemu ya ule uongo.

Kaimati sitaziongelea sana. Unga upigwe kwa mkono mpaka uvute na kutoa mapovu, mafuta yasiwe ya moto mkali zikaiva nje tu, na shira ichemke hadi tone kati ya vidole viwili livute uzi. Ukishindwa mara ya kwanza, utaweza ya tatu.

Mkate wa sinia ndio uliokula mchele wangu na machozi yangu. Kipimo cha Bibi: vikombe 2 vya mchele uliolowekwa usiku kucha, tui zito kikombe kimoja na nusu, sukari kikombe kimoja kasoro kidogo, hamira kijiko kimoja cha chai, iliki ya kutwanga wakati huohuo, na ute wa yai moja. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usihisi chenga hata moja. Tui likiwa la moto hamira hufa, na hilo nalo nilikuwa nikilifanya: nilipasha tui "ili unga uumuke haraka". Katika joto la Lamu unga huumuka chini ya saa moja. Ukiona mapovu yamejaa juu na umepanda, upike papo hapo, kwa kuwa ukiuacha utashuka na haupandi tena.

Moto wake ni wa pande mbili. Chini makaa machache, yaliyokwisha kushika majivu. Juu, ukishamimina unga kwenye sufuria nzito iliyopakwa samli, weka kifuniko cha bati na upalie makaa mengi zaidi. Mimi nilikuwa nafanya kinyume: moto wote chini, juu makaa mawili matatu ya kujipa moyo. Pua ndiyo saa yako hapa. Kwanza utasikia harufu ya nazi na iliki, kisha harufu ya sukari inayoanza kukauka. Ikifika hiyo ya pili, toa makaa ya chini yote na uache ya juu yamalize kazi. Sufuria yangu ilikuwa nyembamba, na hakuna ujuzi unaoshinda sufuria nyembamba. Nilinunua nzito kwa shilingi 2,800. Ukijumlisha ada, michango, sufuria na vitu vya mazoezi ya nyumbani, Ramadhani ile ilinigharimu kama 13,400. Ni fedha nyingi kwetu, na mume wangu aliahirisha kununua nyavu kwa ajili yake. Lakini mtu akiniuliza apunguze wapi, nitamwambia apunguze popote ila kwenye sufuria.

Siku ya mwisho Bibi alitupa neno la kwenda nalo: msikune nazi kabla mwezi haujaonekana. Vitunguu vya kukaanga na viungo vya kusaga viandaliwe siku tatu kabla, achari hata wiki. Nyama ikolezwe usiku. Nazi na unga wa mkate, hapana, mpaka habari ya mwezi iwe ya hakika.

Nililisikia kama desturi, si kama onyo.

Alasiri ya mwezi 29 Ramadhani nilikuna nazi 14, nikasaga kilo tatu za mchele, nikatia hamira. Niliona kwamba nikipika usiku, asubuhi nitakuwa mtu wa kwanza Langoni kutoa sahani. Magharibi watu walijaa gatini wakitazama juu, watoto wakionyeshana mawingu. Mwezi haukuonekana kwetu, lakini huenda umeonekana kwingine, kwa hiyo kila nyumba ilifungua redio kungoja tangazo la Kadhi Mkuu. Nami nilikaa na redio. Nilisikiliza mwezi nikausahau unga. Habari ilipofika kwamba kesho ni kufunga, nilikimbia jikoni nikakuta unga umepanda, umefurika, umeshuka, na unanuka uchachu. Nilipika mmoja hata hivyo. Ulitoka bapa kama kifuniko cha mtungi.

Nilikuwa nimekaa chini kando ya jiko mavyaa alipoingia. Alitazama sufuria nzito, akatazama yale makaa juu ya bati. Sikusubiri aniulize. Nilimwambia yote: darasa, rafiki asiyekuwepo, bakuli la chumbani. Nikamwomba radhi kwa kumdanganya mwezi wote wa Ramadhani.

Alivuta kigoda akakaa. "Nimejua tangu siku ya pili," akasema. "Nguo zako zarudi na harufu ya vitunguu vya mtu ajuaye kupika. Na Bibi wako huyo, mimi na yeye tumesoma chuo kimoja cha Kurani." Akanyamaza kidogo. "Mwaka jana niliogopa kukufundisha. Nilisema nikikwambia neno, utaona unakaripiwa na mavyaa. Nami nikakosea."

Nawaambia wake wageni wenzangu, niliokuwa nikiwawaza wakati wote nikiandika haya: kabla hujalipa ada, muulize mavyaa wako. Huenda anangoja uulize. Na ukienda darasani, mwambie unakokwenda. Ningeokoa fedha, ningeokoa mwezi mzima wa kujificha, na ningepata mtu wa kuniambia usiku ule nizime redio.

Ile siku ya 30 tuliyopewa zaidi tuliifanyia kazi pamoja. Alikuna yeye, nikakamua mimi. Alinionyesha jambo ambalo Bibi hakunifunza, kwamba katika nyumba yao mkate wa sinia hupakwa tui zito juu dakika za mwisho, kisha makaa yakarudishwa, upate ngozi inayong'aa. Nami nilimkaangia vitunguu akiwa ameupa mgongo jiko, nikamwambia asikilize. Alisikiliza kweli, kichwa kainamisha, na tuliposema "sasa" tulisema kwa pamoja.

Usiku ule mwezi uliandama. Unga niliutia hamira saa tisa, nikaukalia mbele kama mtoto mwenye homa. Mikate minne, mmoja baada ya mwingine. Tambi nilizikausha kwa mafuta mpaka rangi ya kahawia kabla ya kutia maji, maji kidogo kidogo, kwa kuwa tambi zangu za mwaka jana zilikufa kwa maji mengi. Kulipopambazuka, kabla watu hawajaenda kuswali, nilitia kipande cha mkate kinywani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu mwezi uanze kuonja kitu nilichopika saa ileile kikiwa bado moto. Chumvi na sukari zilikuwa mahali pake. Ngozi ya juu ilikatika kwa sauti ndogo.

Wanaume waliporudi, mavyaa aliketi kwenye mkeka akakata mkate vipande. Alikula kimoja bila kusema kitu. Kisha akanyoosha mkono akavuta kawa, akapanga vipande sita kwenye sahani nzuri ile yenye maua ya buluu, akafunika.

"Mwite mtoto," akaniambia. "Hii ya kwanza ipelekwe Mkomani, kwa Bibi."